Kengele Bila Mnara

Jumapili asubuhi, Kayole husikika kabla ya kuonekana. Kutoka Junction hadi Masimba, vipaza sauti vya makanisa huanza kazi mapema. Kinanda cha ghorofa ya kwanza hujibizana na kile cha jengo la pili, ngoma hupenya kuta za mawe, na matatu za kwenda tauni huongeza besi zao barabarani. Katika sauti zote hizo, kengele halisi ni nadra. Kengele ambayo mtoto wa mtaani anaijua kwa karibu ni ile ya shule: rimu ya gari iliyoning'inizwa kwa waya mtini au kwenye nguzo, na bolti nene ya kuigongea. Ukisimama hatua mbili kutoka kwayo utasikia mlio mkali wa chuma ukikupiga sikioni, kisha mvumo mzito unaobaki hewani, na kati ya sauti hizo mbili, noti nyingine zinazogombana. Ikigongwa polepole ni mapumziko. Ikigongwa kwa fujo, kila mtu anakimbia paredi.

Nataka kuzungumzia kengele za aina nyingine, zinazoishi ndani ya kompyuta. Kuna programu ambazo kazi yake ni kuigiza upigaji wa kengele za mnarani, na wanaozitengeneza bado wana kazi kubwa mbele yao. Jambo hili linaonekana kuwa mbali sana na Spine Road ya hapa Kayole, Nairobi. Nimelifuatilia kwa hamu, na msimamo wangu ni kwamba maboresho yanayohitajika zaidi ni yale yatakayomwezesha mtu wa Kayole, mwenye simu na asiye na mnara, kusikia bila kudanganywa pigo lake linaangukia wapi katikati ya mapigo ya wenzake. Programu itakayofaulu Kayole haitashindwa kwingine.

Sanaa yenyewe ilikomaa Uingereza katika karne ya 17. Kitabu cha kwanza kuihusu, Tintinnalogia, kilichapishwa mwaka 1668, na mwaka 1677 mpiga chapa Fabian Stedman akatoa Campanalogia. Kila kengele hufungwa kwenye gurudumu kubwa lenye kamba. Kabla ya kuanza, kengele husimamishwa mdomo ukitazama juu. Mpigaji, aliyesimama chumba cha chini, akivuta kamba, kengele hupinduka na kuzunguka karibu duara nzima hadi mdomo utazame juu tena, na ulimi wake hugonga mara moja tu njiani. Mvuto unaofuata huirudisha ilikotoka. Kengele moja inaweza kuwa na uzito wa kilo mia kadhaa, na kubwa zaidi hupita tani. Mzigo kama huo hauamrishwi. Mpigaji anaweza kuichelewesha kidogo ikiwa juu, au kuiwahisha kidogo kwa kuizuia isipande hadi mwisho. Zaidi ya hapo, uzito ndio unaotawala.

Kwa sababu hiyo hakuna anayejaribu kupiga wimbo. Kinachopigwa ni mipangilio. Kengele huanza kwa kushuka kutoka sauti nyembamba hadi nene, 1 2 3 4 5 6, kisha katika kila safu kila kengele husogea nafasi moja au hubaki pale pale: 2 1 4 3 6 5, halafu 2 4 1 6 3 5, na kuendelea hivyo bila safu yoyote kurudiwa, hadi zote zirudi zilikoanzia. Kengele 6 zina safu 720. Kengele 7 zina safu 5,040, nazo huchukua kama saa 3 mfululizo. Kengele 8 zina safu 40,320. Mjini Loughborough, Julai 1963, wapigaji 8 walizimaliza zote kwa karibu saa 18 bila kubadilishana zamu. Wapigaji hawasomi karatasi. Njia ya kila kengele iko kichwani mwa mwenyewe.

Hebu tufanye hesabu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ugumu ulipo. Saa 3 ni sekunde 10,800. Zigawanye kwa safu 5,040 utapata sekunde 2 na kidogo kwa kila safu. Kwa mwendo huo huo, kengele 8 zikilia katika kila safu, nafasi kati ya pigo na pigo ni karibu robo ya sekunde. Ndani ya robo hiyo ndimo kila mtu anatakiwa kuliweka pigo lake, ilhali kamba aliivuta kitambo kabla ya sauti kutoka. Anapiga kwa kutabiri. Sikio lake linasikia yaliyopita, na mkono wake unatayarisha yajayo.

Barani Afrika minara yenye kengele za namna hii inahesabika. Kuna kanisa kuu la Kianglikana la Harare, kanisa kuu la Makhanda lililojulikana zamani kama Grahamstown, na makanisa machache ya Durban na Cape Town. Hapa Kenya mahali panapotajwa ni Kilifi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Kayole. Kijana wa mtaa huu anayetaka kujifunza atalipa nauli ya basi usiku kucha kabla ya kuigusa kamba ya kwanza.

Lakini hata penye minara, programu za kuigiza zilizaliwa kwa shida ambayo Kayole inaifahamu vizuri: majirani. Mwanafunzi wa kengele anahitaji saa nyingi za kukosea, na kila kosa lake husikika mji mzima. Suluhisho lilikuwa kuufunga ulimi wa kengele usigonge, na kuweka kihisi kinachotambua kengele inapopita chini. Kihisi hutuma ishara kwa kompyuta, kompyuta husubiri muda ule ule ambao ulimi ungechukua kugonga, kisha hutoa sauti chumbani. Mpigaji anavuta kamba halisi yenye uzito halisi na anasikia kengele, huku barabarani pakiwa kimya. Programu kama Abel, Beltower na Virtual Belfry huzipiga pia kengele nyingine zote, hivyo mtu mmoja anaweza kufanya mazoezi kana kwamba ana kundi zima. Wapo pia waliochapisha bure michoro ya vihisi hivyo ili kila mnara ujitengenezee vyake.

Kisha ikaja Machi 2020. Minara ya Uingereza ikafungwa kwa sababu ya Covid, na vijana wawili waliokuwa Marekani, Bryn Reinstadler na Leland Kusmer, wakaunda Ringing Room. Humo kila mtu hukaa kwake, hubonyeza kitufe kimoja cha kibodi, na kengele yake hulia kwenye kompyuta za wenzake wote. Baadaye wengine wakaongeza Wheatley, programu ndogo inayopiga kengele zisizo na mtu na kujaribu kufuata mwendo wa binadamu waliopo. Programu zote mbili, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma na kuubadilisha. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu ndilo mlango wetu.

Ukifungua chumba kama hicho kwenye simu ukiwa Kayole, unaona kengele zimepangwa kwa duara, na yako iko karibu nawe. Unagusa kioo, inalia. Unagusa tena, inalia tena. Baada ya dakika chache umeshika mpangilio, na ndipo unapogundua kinachokosekana: kengele hii haina uzito wowote. Kidole na mlio vimeshikana, hakuna kusubiri, hakuna kutabiri. Mwanafunzi anajifunza hesabu ya sanaa hii bila mwili wake. Akipelekwa Kilifi kesho, mikono yake itaanza sifuri.

Hapa ndipo ninapotaka nguvu nyingi zaidi zielekezwe. Simu nyingi tunazobeba, hata zile za bei nafuu, zina kihisi cha mwendo. Ndicho kinachogeuza picha unapoilaza simu. Kihisi hicho kinaweza kumwambia mtengenezaji programu mkono umeshuka kwa kasi gani na umesimama wapi. Mwendo wa kengele kwenye gurudumu nao si siri, kwani ni hesabu ya pendulamu ambayo mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa kwanza chuoni anaijua, na simu ya kawaida inaweza kuipiga mara mamia kwa sekunde. Mtu aishike simu kwa mikono miwili kama anavyoishika kamba, aivute chini, na programu ikadirie kengele ya kilo 300 ingefanya nini. Ukivuta kwa pupa, ipande ipite kiasi. Ukivuta kwa ulegevu, ishindwe kufika juu na irudi mapema. Simu itetemeke mkononi wakati kengele inapofika kileleni, ili kiganja kijue kabla ya sikio. Wapigaji wa kengele za mkononi wameshaanza kutumia vifaa vyenye vihisi vya mwendo kwa mazoezi ya mtandaoni, kwa hiyo njia imeshafunguliwa. Kilichobaki ni kuileta kwenye kifaa ambacho tayari kiko mfukoni.

Kuna kikwazo kimoja ambacho watengenezaji wanaofanya kazi kwa kompyuta ghali huenda wasikione. Simu nyingi za bei ya chini huchelewa kutoa sauti. Unagusa kioo, na mlio hutoka baada ya kitambo ambacho katika mazungumzo hakina maana, lakini mbele ya robo ya sekunde ni kikubwa sana. Android iliongezewa njia ya haraka ya kupitisha sauti mwaka 2017, ila kila simu huitumia kwa uwezo wake. Dawa yake ni programu kuipima simu kabla ya somo kuanza: itoe mlio mfupi kwa spika, iusikilize kwa maikrofoni ya simu hiyo hiyo, ikadirie kutokana na hapo spika imechelewa kiasi gani, kisha iondoe ucheleweshaji huo kila inapompima mwanafunzi. La sivyo, mwenye simu ya elfu nane ataambiwa amekosea wakati aliyekosea ni simu. Hilo nalichukia. Mtoto akiambiwa mara mia kwamba hana mdundo, ataamini.

Baada ya uzito, tuzungumzie wapigaji wenzake mwanafunzi. Katika programu nyingi kengele zinazopigwa na kompyuta hulia kwa usahihi kamili, kila pigo mahali pake. Mwanafunzi anazoea kuegemea ukuta usiotikisika. Kundi la watu haliko hivyo. Yupo anayewahi, yupo anayechelewa akichoka, yupo anayemfuata jirani hata jirani akipotea. Wheatley imeanza kulishughulikia jambo hili kwa kufuata mwendo wa binadamu. Ningependa ifike mbali zaidi: kompyuta ijifunze tabia za wapigaji halisi na iwape wanafunzi wenzao wa kubuni walio na udhaifu unaoeleweka. Leo umpate anayevuta haraka kila anapokaribia nafasi ya kwanza. Kesho umpate aliyepotea njia kabisa, na wewe ujifunze kubaki kwenye yako. Stadi hiyo ya kusimama imara wakati aliye kando yako ameyumba haifundishwi na mashine isiyoyumba.

Na kosa lenyewe lisemwe vipi? Zipo tayari programu zinazosikiliza rekodi ya mnara na kuandika kila pigo lilianguka wapi, na matokeo yake yametumika hata kwenye mashindano. Kwa mtaalamu, michoro yake ni hazina. Kwa anayeanza, ni msitu wa nukta. Programu ya kesho ingetakiwa kunyamaza wakati mtu anapiga, kisha baadaye imwambie kwa Kiswahili cha kawaida jambo moja lenye manufaa: mvuto wako wa pili unachelewa, hasa ukifuata kengele ya 4. Si jedwali la mapigo mia mbili. Jambo moja, na mazoezi ya kulirekebisha. Ikisema kwa sauti badala ya kuandika, itamfaa pia asiyeona, ambaye katika sanaa hii hana upungufu wowote mradi sikio lake limenolewa.

Nasisitiza hili la kosa kwa sababu ya kazi ambayo vijana wa mitaa yetu wanaifanya tayari. Kayole ndiko alikolelewa rapa Khaligraph Jones, na vyumbani mwa mitaa hii vijana hutengeneza midundo kwa kompyuta moja, spika mbili na godoro lililoegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Programu wanazotumia zina uwezo wa kunyoosha mdundo: ukigonga ngoma ukachelewa kidogo, kompyuta inalisogeza pigo hadi kwenye mstari na hakuna atakayejua. Kwa kutoa wimbo sokoni, hiyo ni nafuu kubwa. Kwa kufunza sikio, inaficha kile ambacho sikio lingejifunza. Programu za kengele zimejengwa kwa kanuni iliyo kinyume. Zinaliacha kosa pale pale, zinakuonyesha, na zinakungoja ulirekebishe mwenyewe. Mpiga ngoma wa kanisani, mtengeneza midundo, hata mwalimu wa kwaya ya shule angefaidika na kifaa kama hicho, awe amewahi kuiona kamba ya kengele au la.

Suala la intaneti nalo halikwepeki. Ringing Room ilijengwa kwa watu walio mbali na wenzao, na kwa kiasi kikubwa walio kwenye mitandao ya kasi. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London, hata nyaya zingenyooka kama rula, ni karibu kilomita 6,800, yaani zaidi ya sehemu 3 kati ya 100 za sekunde kwenda tu, na njia halisi ya baharini ni ndefu zaidi, tena ina vituo vingi. Hiyo ni siku njema. Jumapili ya Mei 12, 2024, hitilafu ya nyaya za EASSy na Seacom baharini iliyumbisha intaneti ya Kenya na majirani zake, na wengi hapa wanakumbuka jinsi kurasa zilivyokataa kufunguka. Muziki wa robo ya sekunde hauwezi kutegemea chumba kilicho ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo chumba kihamie hapa. Simu moja iwashe hotspoti, nyingine tano ziungane nayo, na kengele sita zilie ndani ya chumba kimoja bila bando hata shilingi moja kutumika. Kati ya simu zilizo mita chache kutoka kwa nyingine, ucheleweshaji ni mdogo mno kiasi kwamba programu inaweza kuupima na kuusawazisha. Stima ikipotea, simu zinaendelea. Programu nzima, pamoja na sauti zake, iwe nyepesi kiasi cha kutumwa kutoka simu hadi simu jinsi tunavyotumiana nyimbo. Kwangu haya ndiyo maboresho ambayo yangebadilisha ramani ya sanaa hii kuliko mnara wowote mpya utakaojengwa.

Na wote wavae headifoni. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinajulikana Kayole, ingawa kuzifuata ni jambo jingine, na kwenye ploti ambapo ukuta mmoja unatumiwa na familia mbili, mama aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya kulala. Sijaona chombo kingine cha muziki wa pamoja ambacho watu sita wanaweza kukifanyia mazoezi chumbani saa nne usiku bila jirani kugonga mlango.

Kuhusu sauti nitasema machache. Ni rahisi kuirekodi kengele moja na kuzizalisha nyingine kwa kubadilisha kasi ya rekodi. Matokeo hayaridhishi, kwa kuwa ukiipandisha sauti kwa njia hiyo, mvumo wa mwisho nao hufupishwa, na kengele ndogo husikika kama kikombe cha bati. Kengele ya kweli ina noti kadhaa ndani yake kwa wakati mmoja, na kila moja hufifia kwa mwendo wake. Kompyuta za leo zinaweza kuziunda noti hizo moja moja. Zikiweza, basi zituundie na kengele zetu. Kule Kengeleni, Mombasa, bado umesimama mnara mdogo wa kengele wa Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa Church Missionary Society katika miaka ya 1870 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele hiyo iliwekwa kuwatahadharisha wakazi. Irekodiwe vizuri. Irekodiwe rimu ya shule ya Kayole, na njuga za miguuni za wachezaji. Mtoto anayejifunza kwa sauti anayoitambua husikiliza kwa makini zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Watu husema kwamba muziki wa kila mtu kupiga noti yake moja, na wimbo kuzaliwa katikati yao, ni mgeni kwetu. Si kweli. Magharibi mwa Uganda, pembe za amakondere hupulizwa hivyo hivyo: kila mpulizaji ana pembe yenye noti moja, na asipoingia mahali pake wimbo unatoboka. Katika Buganda kuna amadinda, marimba ya vibao 12 inayopigwa na watu watatu waliokaa pande mbili. Wa kwanza, omunazi, huanza kwa mwendo ulio sawasawa. Wa pili, omwawuzi, huyaweka mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake, pigo kwa pigo, bila kupumzika. Sehemu hizo mbili zikishikana, noti zinaweza kukaribia 10 kwa sekunde, na sikio huanza kusikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Wa tatu huzidaka noti za chini zinazojitokeza humo na kuzirudia kwenye vibao viwili vya juu.

Mwanamuziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, Evaristo Muyinda, alimfundisha muziki huo Gerhard Kubik kutoka Austria mnamo 1959, na Kubik akazinukuu nyimbo nyingi kwa nambari, 1 hadi 5, kwa sababu mizani yake ina noti 5. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Uganda lilivamia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Wanamuziki wa ikulu wakatawanyika, na ala zikaharibiwa. Waliobaki wameendelea kufundisha, lakini mnyororo uliokuwa ukilishwa na ikulu ulikatika.

Tazama jinsi mambo haya mawili yanavyofanana. Wapiga kengele wa Uingereza huandika safu zao kwa nambari. Amadinda imenukuliwa kwa nambari. Mpiga kengele huliweka pigo lake ndani ya robo ya sekunde kati ya wenzake wawili, na omwawuzi hufanya hivyo kwa kasi zaidi. Programu inayoweza kumfuata binadamu kama Wheatley, kupima pigo lake, kumpa mwenzake wa kubuni na kumwambia amechelewa wapi, haihitaji kubadilishwa sana ili iwe omunazi asiyechoka, anayemngoja mwanafunzi wa Kayole au wa Jinja aingie katikati. Mwanzo wa omwawuzi ndio mgumu kuliko yote, maana lazima uingie katikati ya mwendo ulio mbio tayari, na usivutwe na mwenzako ukaangukia juu ya pigo lake. Mwalimu akiwepo hukupunguzia kasi. Programu nayo inaweza kupunguza kasi hadi nusu, kisha kuiongeza taratibu kila unapotulia, na kumbukumbu ya maendeleo yako ikabaki kwenye simu.

Siamini kwamba simu itachukua nafasi ya Muyinda, wala kwamba kamba ya Kilifi itakuwa haina kazi. Kibao cha marimba kinarusha mkono kwa namna ambayo kioo hakiwezi, na mzee anayefundisha anajua wakati wa kukunja uso na wakati wa kucheka. Lakini kati ya kutokuwa na mwalimu kabisa na kuwa na mwenzako wa mazoezi anayejua nyimbo zote, tofauti ni kubwa. Naomba pia wenye urithi huo, wa Uganda na wa kwingineko, wahusishwe tangu siku ya kwanza. Nyimbo za ikulu si malighafi ya kuokotwa. Zina wenyewe, zina maana, na baadhi zina historia nzito.

Kazi ya kuanzia si kubwa. Msimbo wa Ringing Room na wa Wheatley unasomeka na yeyote, na Nairobi ina wanafunzi wengi wa programu ambao kila muhula hutafuta mradi wa kumalizia masomo. Mmoja atengeneze kipimo cha ucheleweshaji wa simu. Mwingine ahamishe chumba kutoka intaneti hadi hotspoti. Wa tatu aziweke amri kwa Kiswahili. Kwaya au bendi ya kanisa moja pale kati ya Junction na Masimba ijaribu kwa mwezi mmoja, mazoezi mawili kwa wiki, mapigo yao ya siku ya kwanza yarekodiwe na ya mwisho yarekodiwe, na yalinganishwe. Simu sita, headifoni sita, mpangilio wa kengele 6 wenye safu 720 kwa wanaotaka kengele, na wimbo mmoja wa amadinda kwa wawili watakaobaki chumbani wenzao wakishaondoka.